Habari Kwanza, Funguo Baadaye

Funguo za ploti sasa ziko kwa Mwende, binti yangu. Alizichukua mwaka huu, magoti yangu yalipokataa kunipandisha kwenye mnara wa tangi la maji. Sikubishana naye, ila nilimkabidhi ufunguo mmoja mmoja, kwa uchoyo. Wenzake wenye ploti hapa Kitengela, vijana wanaojenga leo na kupangisha kesho, wamenisumbua niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikichagua wapangaji. Wanasema nilikuwa na bahati ya watu. Haikuwa bahati, na nitawaeleza ilikuwa nini. Lakini mnivumilie, kwa sababu kila nikikumbuka mambo haya nasikia hamu ya kurudi pale langoni, nivute benchi langu kivulini, nimkaribishe mtu nisiyemjua.

Habari za kodi ilipanda lini na vipi sitaziandika. Hizo mnazijua kunishinda.

Nilianza na vyumba sita vya mabati, safu moja, choo mwisho wa safu. Mume wangu, Baba Mwende, alikuwa dereva wa lori la maua kule Isinya, naye alitaka tujenge duka. Mimi nikasema nyumba, maana duka hufungwa Jumapili lakini watu hulala kila siku. Alifariki wakati Mwende bado yuko shule ya msingi na vyumba havijapakwa rangi. Nikabaki mwenye nyumba bila kujua mwenye nyumba hufanya nini akiamka asubuhi.

Siku ya kwanza ya kuonyesha vyumba nilivaa gauni la kanisani. Akaja bwana mmoja ambaye viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Nyinyi mnalijua vumbi la Kitengela wakati wa kiangazi, linaingia hata kwenye meno. Nikajiambia, mtu anayefika hapa na viatu safi namna hii ni mtu wa kupewa ufunguo, nami nikampa kabla hata hajaketi. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, lakini siku hiyo sikuwakumbuka. Haikupita muda nikaona kinanda kinaingizwa, halafu spika kubwa kuliko kitanda. Bwana yule alikuwa mchungaji na alikuwa anafungua kanisa. Mpangaji wa chumba cha pili, nesi wa zamu za usiku, alinijia na mto wake mkononi, macho mekundu, akaniuliza alale wapi. Ili kumhamisha mchungaji ilibidi nihudhurie ibada, na mahubiri ya siku hiyo yalihusu wanaodhulumu watumishi wa Mungu. Sikutajwa kwa jina. Kusema kweli hakuwa amenidanganya, maana sikuwa nimemuuliza kitu.

Siku alipohama, jirani yangu alisimama langoni akitazama spika zikipakiwa kwenye mkokoteni. Huyu jirani alikuwa Koko Nolari. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na sisi sote tulimwita hivyo. Yeye na mumewe ndio waliotuuzia ploti, na boma lao lilibaki nyuma ya ua wetu wa miiba ya kayaba. Ardhi alikuwa ameiuza, lakini mbuzi wake hawakuwa wameambiwa. Kila asubuhi walipita kwangu kama zamani, na wakipita walikula soksi za wapangaji kwenye kamba.

"Hii mtu, ulimuuliza nini?" Koko akaniuliza.

"Nilimuuliza kama anataka chumba."

"Na yeye akasema anataka."

"Ndiyo, Koko."

Alicheka mpaka hereni zikamchezea mabegani. "Hata mbuzi huko Bisil mtu hanunui hivyo. Mbuzi unafungua mdomo, unaangalia meno. Wewe uliangalia viatu!"

Halafu akaketi bila kukaribishwa na kunieleza jambo ambalo ndilo nililolifanyia kazi maisha yangu yote. Kwao, alisema, mtu akifika bomani haulizwi anataka nini. Hiyo ni haraka, na ni tabia mbaya. Anaketishwa, anapumzika, kisha anaombwa ilomon, yaani habari. Anaanza pale alipoamka: amelala kwa nani, wameagana vipi, njiani amekutana na nani, mvua imenyesha wapi, ng'ombe wa nani wanaumwa. Mwenyeji haingilii. Anaitikia tu, ee, ee. Mgeni akimaliza, mwenyeji naye anatoa zake. Baada ya hapo ndipo shida iliyomleta inatajwa.

"Na kama anadanganya?" nikamuuliza.

"Adanganye. Uongo inachoka haraka. Wewe kunywa chai tu."

Nikaagiza benchi kwa fundi, nikaliweka kwenye kivuli cha ukuta kando ya lango. Kuanzia hapo hakuna aliyeona chumba kabla ya kuketi. Koko naye alihamia upande wa pili wa benchi, eti anachunga mbuzi. Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, na nikijifanya kusahau kimoja alikuwa ananyoosha kikombe bila kusema neno.

Sasa nyinyi mnaoanza, sikilizeni. Usimwulize mtu anafanya kazi gani, hilo kila mtu amelitayarishia jibu tangu nyumbani. Mwulize amelala wapi jana. Kisha nyamaza. Akikwama, usimsaidie. Chumba kionyeshe mchana, mabati yakiwa moto, si asubuhi kukiwa na ubaridi mzuri. Chai ipike kwa maji ya kisima chetu chenye chumvi, usiyafiche. Wako waliokunywa wakanyamaza, hao walikuwa na adabu. Wako walioonja wakauliza, "Mama, haya maji mnafulia nguo nyeupe?" Mimi niliwapenda wanaouliza, kwa sababu hao hawakuwa na haja ya kunilaumu baadaye.

Nilisikia habari za kila aina pale. Kijana mmoja wa mashamba ya maua alisema amelala kwa shangazi yake na ameondoka kabla hajaamka, ili asimwone akilia. Nikamwuliza nani angelia. Akasema, "Sote wawili." Huyo alikaa kwangu mpaka akaoa. Halima, aliyetoka Garissa akiuza nguo za akina mama, alianza na dua aliyosomewa na mama yake stendi, akaendelea mpaka maziwa yakafurika jikoni na hakuna kati yetu aliyesimama. Na kuna bwana mmoja wa mizigo ya mpakani Namanga, mwenye maneno matamu, aliyetueleza barabara yote mpaka hapa, mlima kwa mlima. Alipokwenda kukiona choo Koko akaninong'oneza, "Hii habari haina watu." Kweli, toka Namanga hakuwa amemtaja mtu hata mmoja. Tukamnyima. Alichokuwa anaficha sikukijua, na labda hakuwa anaficha chochote. Kazi hii haikupi majibu ya mwisho.

Kosa langu Koko aliliona mapema, akalisema mbele ya mgeni bila haya.

"Wewe unachukua habari ya watu na yako huleti. Hiyo ni polisi."

"Mimi sina habari, Koko. Niko hapa hapa kila siku."

"Umeamka? Umekula? Mtoto ameenda shule? Hiyo ndiyo habari. Leta!"

Basi nikaanza kuzitoa, kwa aibu mwanzoni. Niliwaambia wapangaji lori la maji huja lini, nani anafagia uwanja, nani amejifungua. Habari za Baba Mwende nilikuwa naziruka. Koko alizijua, na kila nikifika hapo nikaruka, alikuwa anatazama mbuzi.

Miaka ilikwenda hivyo. Mumewe Koko naye akafariki, na mwanawe Lemayian akawa ndiye mkubwa wa boma. Mji ulikuwa umewazunguka, nyasi zimekuwa nyumba, ng'ombe wanazuiwa na seng'enge kila upande. Lemayian akauza kipande kilichobaki, akahamisha mifugo mpaka Bisil, akajenga huko. Akamjengea mama yake nyumba nzuri ya mabati yenye tangi lake. Mnunuzi akaja na watu wa kupima, vigingi vya mpaka vikachomekwa bomani, na Koko bado yuko ndani.

Asubuhi moja nikamwona akija kwa kupitia langoni. Siku zote alikuwa anapitia kwenye tundu la ua wa kayaba, tundu ambalo mbuzi walilitoboa na yeye akalipanua. Siku hiyo alikuwa amevaa shuka yake nzuri na shanga zake zote. Akapita upande wake wa benchi, akaja kuketi upande wa mgeni.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Natafuta chumba," akasema.

"Koko, kile cha mwisho kiko wazi. Simama nikufungulie, na sitaki kusikia neno la kodi."

"Mimi ni nani napewa bila habari? Kwani hii kazi umesahau? Keti."

Nikaketi. Akaanza. Amelala peke yake, moto umezima mapema kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Mbuzi wameondoka na Lemayian na amewasikia usiku kucha ingawa hawapo. Akarudi nyuma, nyuma kabisa, alipoletwa hapa akiwa mwari wa kuolewa, wakati nyumbu walikuwa wanazalia mahali pale pale niliposimamisha vyumba vyangu, na mtu akitoka asubuhi ilibidi apite polepole asiwashtue. Nilikuwa nimeishi kando yake miaka hiyo yote na sikuwahi kuambiwa hilo. Nikaitikia, ee.

"Bisil iko na nyasi," akasema. "Nyumba iko sawa. Bibi ya Lemayian ni mtoto mzuri. Lakini huko nani ataniletea habari? Mimi sijaenda mahali, Mama Mwende. Sijaona Mombasa, sijaona hata Nairobi sawasawa. Dunia inakuja kwa hii benchi, inaketi, inakunywa chai. Sasa niache hii niende kuangalia nyasi?"

Akangoja jibu kama mgeni yeyote. Niseme kweli: katika watu wote walioketi pale, sikuwahi kumtaka mpangaji kama nilivyomtaka yeye. Mwende alikuwa chuoni. Nyumba yangu ilikuwa kimya. Nilitamani nimwone Koko akitoka chumba cha mwisho kila asubuhi na kikombe chake.

Nilikuwa nimeshashika ufunguo wakati pikapu ya Lemayian iliposimama langoni. Alikuwa ametoka Bisil kumchukua mama yake na kukuta boma tupu. Alimsalimu mama yake vizuri kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," naye akaitikia "Iko" bila kugeuka. Lemayian akaniita kando, mpaka kando ya tangi.

"Mama Mwende, nakuomba kama mama yangu. Mkatalie."

"Nimkatalie kwa nini? Chumba kipo."

"Watu watasema nini? Mama ya Lemayian anapanga chumba kwa shamba yenye baba yake aliuza! Nitaonyesha wazee uso gani? Mimi nikimwambia hasikii. Ndugu zangu wakimwambia hasikii. Ukisema hakuna chumba, atapanda gari. Ni wewe tu anasikia."

Nikasimama pale na ufunguo mkononi. Nikimpa Koko chumba, namwaibisha mwanawe mbele ya watu wao, na mimi si wa kuwafundisha mambo ya nyumba yao. Nikimnyima, namfukuza mama wa watu kwa uongo kutoka udongo alioukanyaga kabla mimi sijaujua. Lemayian alikuwa ananitazama machoni. Nikasema neno la kwanza lililonijia, lile nililokuwa nikiwaambia wote.

"Mimi sijibu mtu kabla ya habari. Njoo uketi."

"Lakini mimi sitafuti chumba."

"Unatafuta kitu kwangu, sivyo? Keti."

Aliketi kwa hasira, mtu mzima mwenye simu mbili, kati yangu na mama yake. Nikammiminia chai. Akaanza kwa kukimbia: ametoka Bisil, barabara ni nzuri, ng'ombe wazima, amefika. Mama yake akatazama mbele.

"Umelala wapi?" nikamwuliza.

"Si nimesema, Bisil."

"Na ulipoamka ulimwona nani?"

Hapo akapunguza mwendo. Akasema amemwona Nashipae, kitinda mimba wake. Akasita. Nikanywa chai yangu.

"Huyu mtoto," akasema, sasa akiongea na kikombe, "kila asubuhi anabeba chai anapeleka kwa nyumba ya Koko. Nyumba haina mtu. Anaweka kikombe kwa mlango, anarudi kucheza. Ikipoa anaikunywa mwenyewe ndio isimwagwe. Mama yake alimwambia awache, hakuwacha. Leo nimemkuta ameketi huko ndani. Nikamuuliza, unafanya nini hapa? Akasema anangoja Koko aamke."

"Ee," akasema Koko.

"Sikukuambia, yeyo. Niliona ni kama nakulilia."

"Ee."

Mpangaji mmoja alipita na ndoo, akatuona, akapita kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimesikiliza habari za watu muda wa kutosha kujua ile inayogeuza mtu, na nilitamani niirudishe ndani ya kinywa cha Lemayian.

"Hiyo chai," Koko akauliza hatimaye, "inawekwa sukari?"

"Vijiko nne, yeyo. Anapima mwenyewe."

Koko akashusha pumzi, akajipangusa uso kwa ncha ya shuka. Kisha akanigeukia mimi, si mwanawe.

"Mama Mwende, hiyo chumba pea mtu mwingine."

Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Desturi haikuwa na nafasi ya hilo, na mimi sikuitafuta. Nikasema, "Sawa, Koko." Tukamsaidia kupakia vibuyu, ngozi na sanduku lake, na nilipomshika mkono kumpandisha garini akaniambia, "Usiwache kuuliza watu." Pikapu ikaingia barabara ya Namanga. Vumbi lake lilitulia, na bado nilikuwa nimesimama langoni.

Jioni akaja msichana mpole, mwalimu wa chekechea, akaketi na kunieleza habari zake zote, habari nzuri zenye watu wengi. Nikamwambia chumba kimeshachukuliwa. Kilikaa kitupu mpaka mvua za vuli zikaja na kwisha, na Mwende alipofunga chuo aliniuliza kama naumwa.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Vyumba vya mabati vikawa vya mawe, tangi likapandishwa mnarani, wapangaji wakaja na kwenda. Niliwauliza wote. Lakini kusikiliza peke yako ni kazi nyingine kabisa. Mtu anasema jambo la kuchekesha, unageuza shingo upande wa pili wa benchi kutafuta uso wa mwenzako, na hapo pana ukuta. Bisil nilikwenda mara chache, mara zote na haraka ya kuwahi lori la maji.

Sasa sina lori la kuwahi. Wiki ile ile niliyompa Mwende funguo nilikwenda Bisil, siku ya soko, mbuzi wakilia kila upande wa barabara. Mke wa Lemayian alinipokea vizuri, akanitahadharisha njiani kuelekea nyumba ya Koko. "Siku hizi hatambui watu, mama. Usihisi vibaya. Hata sisi mara nyingine anatusalimia kama wageni."

Nilimkuta mlangoni, amekuwa mdogo, macho yamefunikwa na ukungu.

"Takwenya, Koko."

"Iko." Akapapasa kando yake mpaka akapata kigoda. "Keti. Umelala wapi?"

Nikatazama kama ameijua sauti yangu, lakini uso wake ulikuwa ni uso wa mwenyeji kwa mgeni, wa adabu tu. Basi nikamjibu. Nikasema nimelala Kitengela, peke yangu, kwa kuwa binti yangu ana nyumba yake. Nikasema nimeacha kazi na mikono haijui ishike nini. Nilipofika kwa Baba Mwende sikuruka. Nilieleza asubuhi ya mwisho aliyowasha lori akasahau kofia, nami nikamkimbilia nayo mpaka barabarani sikumpata. Nikasema nilikuwa na jirani, Mmaasai mmoja, tukisikiliza watu pamoja, akahama, na tangu ahame sijapata wa kumtazama pale mtu anaposema jambo la kuchekesha. Alikuwa anaitikia kila mahali panapostahili, ee, ee, hata pale nilipolia. Hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza nikangoja anipe zake. Hakunipa. Aligeuza uso kule alikosikia miguu ya mkaza mwanawe.

"Hii mama amechoka," akasema. "Mpatie chumba."